Shoferi na Kona Isiyo na Matawi

Shoferi hakuwa na gari. Alikuwa na chumba kimoja mtaani Buyenzi, kompyuta zilizokoroma kama wagonjwa wa kifua, dishi la setilaiti juu ya mabati, na barabara moja isiyokanyagika, ambayo watu wa Bujumbura, wa Brussels na wa Montreal waliishindania wakiwa wameketi vitini. Hata hivyo tulimwita Shoferi, na ole wako umwite bosi.

"Bosi anakulipa," alikuwa akisema. "Hapa ni we unanilipa mimi. Sasa bosi ni nani?"

Nilimfahamu kwa sababu ya jenereta, aliyokuja kuinunua kwangu. Mimi ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo. Vita vya kwetu viliponichosha nilivuka mpaka, nikaja kupumzika katika vita vya wenzetu. Nilikuwa nauza mashini za mitumba, zile kompyuta zilizochoka Dubai, zikapita Dar, zikavuka ziwa kutoka Kigoma na kunifikia na vumbi la nchi zote hizo. Nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Si uchoyo. Katika Bujumbura ya miaka ile hesabu ya asubuhi na hesabu ya jioni hazikukubaliana, iwe ni nyaya, iwe ni majirani.

Kupatana bei naye ilikuwa adhabu. Hakubishana. Nilitaja bei, naye akaiangalia kama mbuzi aliyeingia sebuleni, kisha adhana ikalia, akaenda kuswali. Aliniacha nimeketi na bei yangu. Akirudi aliuliza, "Imeshuka?" Na kweli, ilikuwa imeshuka. Sijui aliomba nini huko msikitini.

Watu wa mtaa walijua habari yake kwa ufupi, kama tulivyojua habari za wote: alikuwa dereva wa lori, akashambuliwa njia ya Bugarama, ile inayoshuka kutoka milimani hadi Bujumbura, akapona. Mguu wa kulia ndio uliopona vibaya. Risasi ilipita kwenye kifundo ikakiacha kimelegea, mguu usioweza tena kukanyaga esansi, yaani mafuta, wala breki. Walikuwa wanashuka na sukari, yeye na mdogo wake, katika msafara uliosindikizwa na askari, lori lao likabaki nyuma. Sukari ilishika moto, ikatiririka kwenye lami ikiwa nyeusi, na yeye amelala ndani ya mtaro akiisikia ikichemka. Tangu siku hiyo alikunywa chai kavu. Jirani aliyeunguza sukari jikoni kwake alipata matusi ambayo hakujua ameyastahili kwa lipi.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa konvoyeri, yule msaidizi anayekaa na dereva, anayefunga turubai na kuweka magogo nyuma ya tairi. Mwanamume mzima, si mtoto. Shoferi alimwona akishushwa kwenye kabini akiwa hai, akisukumwa porini kwa mitutu ya bunduki. Hapo ndipo habari ilipokatika. Hakuna aliyeleta mwili. Hakuna aliyeleta neno. Mama yao, bibi mfupi aliyekaa nyumba ya pili kutoka chumba cha kompyuta, alikataa matanga.

"Mutakula wali wangu mukilia nini?" aliwauliza waliokuja na mikeka. "Munioneshe kwanza ile munalilia."

Wakarudi na mikeka yao. Sanda aliyokuwa amenunua aliikunja, akaiweka chini ya mto, akailalia miaka.

Shoferi alikuwa na kazi moja tu duniani: kuijaza sanda ile. Nasema hivi sasa kwa kuwa najua. Wakati ule nilidhani anafanya biashara ya mchezo, na kwa kweli nilimwona ni mfanyabiashara mbovu.

Mchezo ulikuwa wa mbio za magari, wa aina ile inayomruhusu mtu kujitengenezea barabara yake. Fundi mmoja wa Bukavu aliyefunga dishi ndiye aliyemfundisha. Alimwonesha namna ya kuitenga kompyuta moja isiguswe na mchezaji, iwe seva, mwenyeji anayewapokea watu kutoka kote na kumwambia kila mmoja gari la mwenzake liko wapi. Alimwonesha namna ya kufungua mlango kwenye modemu ili dunia iweze kubisha hodi, na namna ya kuiandikisha seva ili mtu wa Montreal akiwasha mchezo wake aone, katikati ya seva za Wajerumani na Wamarekani, jina letu: BUGARAMA KUSHUKA. Kisha fundi akaenda zake, Shoferi akabaki na ile programu ya kutengenezea barabara.

Alikaa nayo zaidi ya mwaka. Nilimkuta mara nyingi amefumba macho, mikono ikizungusha usukani usiokuwepo, mguu wa kushoto ukikanyaga hewa. Akifumbua, anaweka kona moja. Kesho anaifuta. "Hii inalala zaidi," ananiambia, kana kwamba nilikuwa nimebisha.

Tatizo lilikuwa uzito. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza, kompyuta yake lazima iipokee barabara nzima kwanza, na dishi letu lilitoa mambo kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwa kijiko. Wageni walichoka kungoja, wakaondoka. Kwa hiyo Shoferi akaanza kupunguza. Aliondoa majani ya mikaratusi, yakabaki mashina. Aliondoa mbuzi. Aliondoa rangi za nyumba, akaondoa mawingu. Barabara ikabaki kama mifupa, lakini kila kona ilikuwa mahali pake. Mzee mmoja aliyekimbilia Brussels aliandika siku yake ya kwanza kwamba ameshuka mpaka akaliona ziwa, akazima kompyuta akalia.

Shoferi alisoma, akanigeukia. "Ile ziwa ni rangi moja tu ya buluu. Nilikuwa nimechoka."

Wateja walimsihi aongeze barabara nyingine, zile za Ulaya zenye taa. "Taa uende kuziangalia Ulaya," aliwajibu. Nilimwambia kama muuzaji kwa muuzaji mwenzake: duka lenye bidhaa moja ni meza. Akasema basi yeye ana meza. Kisha, mashini zikiwaka, alikaa mbele ya skrini ya seva akisoma kila neno ambalo wachezaji waliandikiana, matusi na salamu na upuuzi wote, kama karani wa mahakama.

Sheria zake zilikuwa chache. Hakuna mtu kuingia na jina lake. Ukiingia seva unakuwa mnyama, au ndege, au tunda. Jina la kweli lilikuwa linasema wewe ni wa nani, wa mtaa gani, na waliouawa kwenu waliuawa na nani. Kwa hiyo chumbani mule Papai wa Kinama alikaa bega kwa bega na Mamba wa Musaga, wakati nje ya mlango huo ndugu zao walikuwa wanawindana, na Papai akishindwa alitukanwa kama papai tu: ameiva mno, ameoza, ana mbegu kichwani.

Na hakuna kugongana. Sababu ilikuwa ya kifundi. Gari la mtu wa mbali lilichelewa njiani kwenda juu kwa setilaiti na kurudi. Liliruka, likatokea ndani ya gari lako. Ungeruhusu magari yagongane, watu wangekufa kwa ajali ambazo hazikutokea. Aliizima sehemu hiyo kwenye seva, magari yakawa yanapita ndani ya mengine kama moshi. Askari waliokuja siku zao za mapumziko walilalamika sana.

"Mbio bila kugonga ni mbio gani?" aliuliza luteni mmoja.

"Kagonge nje, afande," Shoferi akamjibu. "Nje imewashwa."

Luteni huyo huyo siku nyingine alishindwa na Papai mara tatu mfululizo, akatoa bastola akaipiga skrini. Kioo kilimrukia Mamba shavuni. Tulikuwa chini ya meza kabla sauti haijaisha, tulikuwa na mazoezi. Shoferi aliinuka na fimbo yake, akachomoa nyaya, akaibeba skrini iliyokufa mpaka pembeni, akaleta nyingine, akachomeka. Luteni bado ameshika bastola.

"Endelea," Shoferi akamwambia. "Bado we ndiye wa mwisho."

Luteni aliketi akaendelea. Mimi nilihesabu matundu mara mbili: moja la skrini, moja la ukutani. Risasi moja. Hesabu ilikubaliana, nikamshukuru Mungu.

Na bado mtu huyu aliyekataza magari ya uongo yasigusane alikuwa na mkono mzito kuliko wote mtaani. Chini ya kaunta aliweka spana ya magurudumu ya lori, chuma kirefu chenye kichwa, kitu pekee alichobaki nacho cha kazi yake ya zamani. Mwizi aliyekata waya wa dishi alivunjwa nacho mtulinga. Kisha Shoferi huyo huyo akamtia mwizi kwenye teksi akampeleka hospitali, na njia nzima hakumtukana mwizi. Alimtukana dereva wa teksi, kwa namna alivyobadilisha gia.

Mabomu yalipoanza kushuka kutoka vilimani, seva yetu ilijua kabla ya redio. Magari ya Bujumbura yote yalisimama barabarani kwa pamoja, hapo hapo yalipokuwa, maana wenyewe tulikuwa sakafuni mikono kichwani. Waliokuwa ng'ambo waliendelea kidogo, wakaona wamebaki peke yao, wakasimama nao. Wakaanza kuandika. Papai upo? Mamba upo? Mtu wa kwanza kutambaa mpaka kwenye kibodi ndiye aliyejibu. Siku nyingine gari moja lilibaki limesimama hata baada ya wengine kuondoka, la mteja aliyechezea kwao Musaga kwa laini ya simu. Shoferi hakulitoa. Liliachwa pale mpaka laini ikakatika yenyewe. Mwenyewe hatukumwona tena.

Halafu guruneti. Ilikuwa mchana mweupe. Wengine walisema ililetwa kwa ajili ya luteni, wengine walisema mtupaji alikosea mlango. Iliingia ikibingirika, ikagonga mguu wa meza, ikasimama kama inafikiri. Shoferi alikuwa karibu. Aliifagia kwa fimbo yake ikavuka kizingiti, ikalipukia kwenye mtaro. Sisi wa ndani tulipona. Muuza mishikaki aliyekuwa na jiko lake ukingoni mwa mtaro hakupona. Walimkusanya kwenye gunia, na mshikaki mmoja ulikuwa bado mkononi. Kila Ijumaa baada ya hapo Shoferi alikwenda kwa mjane, akakaa kwenye ngazi ya nje bila kusema kitu. Mara ya kwanza mjane alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Ijumaa iliyofuata alirudi amevaa koti la mvua.

"We una wazimu," mjane akamwambia.

"Ndiyo," alisema, akaketi.

Hivi ndivyo alivyokuwa: haombi msamaha, haondoki.

Basi ikafika wakati wapiganaji wakaanza kushuka kutoka porini kwa makubaliano, kundi moja likishuka na jingine likibaki juu likipiga. Walioshuka walizunguka mjini na viatu vya mpira, wakishangaa bei ya soda. Baadhi yao walifika Buyenzi, wakaingia kwa Shoferi, wakapewa majina ya ndege kama wote. Kijana mmoja wao, mwembamba, mwenye masharubu ya kulazimisha, alijiita Kware. Alikaa mashini ya ukutani. Alikuwa na adabu. Alilipa kabla ya kuulizwa, jambo lililonitia wasiwasi.

Alasiri moja nilikuwa kaunta na kinu cha umeme cha kompyuta, kile kisanduku kinachoipa nguvu, Shoferi akiiangalia bei yangu kwa ule mtazamo wake, mara kwenye skrini ya seva likatokea neno:

KWARE: hii kona umesahau matawi

Nieleze kwa asiyejua. Kwetu gari likiharibika barabarani, dereva anakata matawi na kuyatandaza kwenye lami nyuma yake, ili anayekuja apunguze mwendo. Ni adabu ya barabara. Shoferi anayepita juu ya matawi kwa kasi si mtu.

Sikuwahi kumwona Shoferi akigeuka rangi kabla ya hapo. Uso wake ulikuwa kama jivu. Akaandika kwa kidole kimoja:

MWENYEJI: matawi gani

KWARE: ya mikaratusi. yalikuwa hapa siku ya lori ya sukari

"Mi nilisema ni pancha," Shoferi akaninong'oneza. Hakuwa ananiangalia. "Watu wote niliwaambia ni pancha. Hata mama. Wenzangu walishanionya, siku hizi ukiona matawi usisimame, pita juu. Mi nikaona matawi nikasema, kuna mwenzangu ameharibikiwa. Nikakanyaga breki. Sikumwambia mutu. Hakuna mutu anajua ile matawi, isipokuwa yule aliyeyakata."

Ndipo nikaelewa meza yenye bidhaa moja. Aliijenga barabara ile kona kwa kona, akaitangaza dunia nzima, akaacha kona hiyo tupu kwa makusudi, akakaa kungoja mtu wa kulalamika.

Seva huonyesha kila mchezaji ameingilia wapi. Aliangalia. Namba ilikuwa ya ndani, ya mashini zetu wenyewe.

"Esansi imeisha!" akapaza sauti. "Mashini zinazima. Rudini kesho, wote." Watu wakanung'unika wakatoka. Kware alipoinuka, Shoferi alikuwa ameshafika mlangoni na komeo. "We kaa."

Spana ilishuka kabla sijaweka kile kinu chini. Ilimpata Kware mkono wa kulia ukiwa bado juu ya kibodi. Nilisikia vitu viwili vikivunjika, na herufi zikaruka mpaka miguuni kwangu. Kijana hakupiga kelele mara moja. Aliuangalia mkono kama wa mtu mwingine, kisha sauti ikamtoka.

"Mutu wa lori ya sukari," Shoferi akasema. "Mulimupeleka wapi?"

"Mzee, mi nilikuwa mudogo, komanda—"

Spana ikapanda tena, na safari hii ilikuwa inakwenda kichwani. Mimi si shujaa. Ila bei ikiwa mbaya mdomo wangu hufunguka wenyewe.

"Shoferi, ngoja! Ukimuua unapata nini?"

"Nampata yeye."

"Unapata maiti mbili, na moja bado hujui iko wapi. Hiyo ni hasara. Mama anataka maiti moja tu. Huyu akifa, nani atakuonesha?"

"Mi sitaki biashara yako leo, Mukongomani."

"Chukua mukono huu tu. Umeshauvunja, umeshalipwa huo. Kichwa kiache kiseme kwanza. Ukisikia hakina kitu, mi mwenyewe nafungua mlango naenda zangu."

Ninaandika haya nikijua yanavyosikika. Nilipatana bei ya mtu kama kinu cha umeme, nikamtoa kwa mkono mmoja. Sijapata kupatana vizuri zaidi.

Spana ilibaki hewani muda mrefu. Kware akaanza kusema mwenyewe, akiwa amejikunja chini ya meza.

"Tulishuka naye bondeni. Alitembea vizuri. Alikuwa anaita kaka yake, anamuita anamuambia asitoke mutaroni. Komanda akasema risasi ni za jeshi, si za konvoyeri. Kulikuwa jembe."

"Nani alishika jembe?"

Kware aliuangalia mkono wake ule uliovunjika, na sote watatu tukauangalia.

Shoferi aliketi. Ilikuwa kama lori linapozimwa. Mwili uliendelea kutetemeka baada ya injini kunyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumuuliza mteja anataka muda gani, "Nioneshe."

Kware alishika kibodi kwa mkono wa kushoto. Aliendesha mpaka kona ile, akaligeuza gari kushoto, akaliacha lami. Lakini upande wa chini wa barabara Shoferi hakuwa amejenga kitu, maana nani angekwenda huko? Gari lilivuka ukingo, likaanguka nje ya dunia, likaanguka, likaanguka, katika rangi ya kijivu isiyo na mwisho.

"Ni chini ya hapa," Kware akasema huku akilia. "Ila hapa hakuna udongo."

Nilimpeleka kwa mwunga mifupa wa mtaa wa Carama nikiwa na hakika sitamwona tena Buyenzi. Shoferi naye alikuwa na hakika hiyo, akawa hali, hasemi, ananitazama kama mtu niliyemuuzia mashini mbovu. Kwenda kuchimba kule haikuwezekana. Waliobaki porini walikuwa bado wameshika vilima vile, na hata msafara wa askari ulipita kwa kukimbia. Siku ya sokoni Kware alirudi, mkono umefungwa vijiti.

"We huna akili?" nikamuuliza mlangoni. "Yule atakuua."

"Nitaenda wapi? Nyumbani wananiambia usiseme. Kambini wananiambia usiseme." Akautazama mlango. "Huyu ndiye mutu mumoja ananiuliza."

Wakaanza kujenga bonde. Sijaona kazi ya ajabu kama ile. Shoferi mbele ya skrini, Kware kwenye kiti kando yake, spana juu ya kaunta mbele yao wote wawili. "Hapa inateremka." "Kiasi gani?" "Unashika nyasi kwa mukono." Shoferi anateremsha. "Kuna kijito." "Upande gani?" "Tulikivuka kabla." Anaweka kijito. Kuna migomba. Kuna jiwe la kukalia, komanda alikaa hapo. Wakati mwingine Shoferi aliinuka ghafla, akampiga kofi la kumwangusha kitini, akatoka nje akasimama na kurudi. Kware aliinuka akaketi palepale. "Baada ya jiwe," anaendelea, damu puani, "kuna njia ya ng'ombe."

Wateja walilalamika: bonde ambalo mbio hazipiti, linaongeza uzito wa bure, kuingia seva sasa kunachukua muda maradufu. Lakini wale wa ng'ambo walianza kuliacha lami wenyewe. Niliona magari ya Brussels na Montreal yakiteremka polepole kwenye nyasi, bila haraka, yakisimama kando ya kijito. Mbio zilikuwa zinapotea hivyo. Shoferi, ambaye angemfukuza mtu kwa kusema jina lake, hakumfukuza hata mmoja.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, vilima vilikuwa vimetulia na njia ya Bugarama imefunguliwa. Magari yalipanda bila kusindikizwa, na watu walipanda ili tu waseme wamepanda. Mimi nilikuwa nimepata kibanda karibu na soko. Shoferi alitokea kwenye jua la saa tisa, fimbo mkononi, matope mpaka kwenye viwiko.

"Nataka beleshi," akasema.

"Mi nauza mashini, Shoferi. Beleshi ziko kule kwa wauza misumari."

"Njoo basi unipatanie. Leo siwezi."

Huyu, aliyezishusha bei zangu kwa kuswali. Niliiangalia mikono yake, kisha nikaiangalia tena nikitafuta kitu kingine zaidi ya matope. Yalikuwa matope tu.

"Umempata?"

Akaitikia kwa kichwa. "Bonde ni lile lile. Jiwe liko, kijito kiko. Nilijua pa kukanyaga kana kwamba nimezaliwa pale. Kiunoni alikuwa na kamba ya turubai, na lile fundo mi ndiye nilimufundisha." Akabandua tope kwenye kiwiko. "Tumemzika leo asubuhi, hapa kwetu. Mama amelia, alhamdulillahi. Amelia mpaka akalala."

"Na Kware?"

"Nimemuacha kule."

Niliusogelea uso wake. "Umemuacha namna gani, Shoferi? Umemuachia beleshi, au umemufunika nalo?"

Alicheka. Miaka yote ile sikuwa nimemsikia akicheka, na sauti ilikuwa mbaya, kama gia inayokataa kuingia.

"Anachimba," akasema. "Kwa ule mukono mumoja. Tulipomutoa mudogo wangu nilimuambia twende, imeisha, sina neno tena na we. Akakaa chini pale kwenye udongo. Akaniambia, mzee, kuna wengine."

Tulikwenda kwa wauza misumari. Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, alituuliza tunataka mangapi.

Shoferi akasema moja.

Mimi nikasema mawili.